Karanga za Safari ya Kondoa

Mbeho mwanangu,

Barua hii unaandikiwa na mtu ambaye, bila yeye, serikali isingehamia Dodoma. Usicheke kwanza. Wengine watakuambia yalikuwa maamuzi ya wakubwa, mara ramani, mara katikati ya nchi. Mimi ninachojua ni kwamba kabla hawajaanza kujenga kule Mtumba, alipita hapa Makutupora bwana mmoja mwenye gari refu jeupe, akasimama kuuliza njia, nikampa konzi moja ya karanga zangu zilizochanganywa na zabibu kavu. Akatafuna. Akatafuna tena. Akasema, "Mzee, kumbe hapa panakalika." Haukupita muda mrefu magreda yakaja. Mimi sidai kitu. Nataka tu ujue unaandikiwa na nani.

Salamu nyingi kama mchanga wa bahari sikutumii, maana bahari nimeiona kwenye kalenda tu. Pokea salamu nyingi kama inzi wa msimu wa kuvuna zabibu, wale ambao ukiwafukuza wanarudi na ndugu zao.

Sasa hivi jua limeshapinda. Wewe umekwenda kuwaaga mama zako wadogo, na mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Mbele yangu kuna ungo, na kwenye ungo kuna karanga nilizozikaanga kwenye mchanga tangu saa nane. Bado za moto. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuo cha askari wa wanyamapori, na katika vyote ambavyo ungeweza kuniomba, uliniomba kimoja: nikuandikie kipimo cha mchanganyiko wangu, ili na wewe ujitengenezee ukiwa huko. Nikachukua daftari. Nikaandika, "Karanga konzi mbili." Halafu mkono ukagoma.

Habari za sabuni, blanketi, na simu uichaji wapi, mama yako ameshakupa, na atakupa tena stendi mbele za watu. Hayo simwingilii. Mimi nina jambo ambalo nimelikalia muda mrefu mpaka limenifanyia kidonda.

Jumapili walipokuja watu kukuaga, ulisimama na kanga ya mama yako mabegani, ukaambiwa useme neno. Nilidhani utamshukuru Mungu, umshukuru mama, ukae. Wewe ukasema, "Mimi siogopi pori. Mjomba wangu alitoka Kondoa mpaka hapa kwa miguu, siku tatu, na kifuko kimoja cha karanga na zabibu, bila tone la maji. Damu hiyo ninayo na mimi."

Watu wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akanigeukia akasema, "Kumbe miaka yote tunasali na simba!"

Na mimi nikafanya nini? Nikainua mkono, mwanangu. Nikainua mkono kama mheshimiwa anayepita kwenye gari.

Halafu jana nikakuona unafunga begi. Mchanganyiko wangu wa mwezi uliopita umeujaza mfuko wote wa mbele, hata zipu inalalamika. Maji, kachupa kamoja, kale ka kushika mkononi.

Nikakuuliza, "Maji ndiyo hayo tu?"

"Yanatosha, Mjomba. Si wewe uliyeniambia maji yanalegeza magoti?"

Ulisema unacheka. Mimi nikasema naenda kuwaangalia mbuzi, na wewe unajua mbuzi hatuna tangu mwaka juzi.

Nimechoka, Mbeho. Siyo uchovu wa kuvuna. Huo naujua, unaanzia kiunoni, unashuka kwenye nyonga, ukiulaza siku mbili unakuaga. Huu mwingine haulali. Ni uchovu wa kumbeba mtu mmoja mkubwa sana, hodari sana, ambaye hayupo. Nimembeba tangu nina miaka kumi na tisa. Nimempeleka kwenye vilabu, kwenye misiba, kwenye mashamba ya zabibu, mpaka Chimwaga kwa wanafunzi wa chuo wanaoniita Anko Miksi. Kila mahali nikifika, yeye ndiye anayesalimiwa. Mimi nabaki nyuma nimeshika vifuko.

Ile safari ya Kondoa umeisikia mara ngapi? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanirekebisha nikikosea. Siku ya kwanza nilimpita fisi. Siku ya pili simba akanifuata kutoka asubuhi mpaka saa kumi, nikamtupia zabibu tatu, akanusa, akala, akanishukuru kwa mkia, akaenda zake. Ukikuta nimesema zabibu nne, unasema, "Tatu, Mjomba." Siku ya tatu nikaingia Dodoma natembea kama nimetoka kuoga. Maji? Nilikuwa najibu, "Maji ni ya ng'ombe na watu wa pwani. Sisi watu wa nyika konzi moja ya karanga za chumvi inatosha. Maji yanalegeza magoti."

Hayo maneno niliyaona matamu. Yalikuwa yanapendeza mdomoni kama yana sukari. Sikujua kuna mtoto ameyameza mazima mazima.

Sasa tuizungumze ile siku ya Zanka. Hatujawahi kuizungumza, mimi na wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa mwezi wa kumi, ule mwezi ambao huku hata kivuli kina joto. Shule ilifungwa siku chache, mama yako alikuwa kibaruani, na wewe ukaamua kwenda kwa bibi yako Zanka kwa njia ya mkato, ile ya porini. Ulikuja kwangu kwanza. Nilikuwa nachambua zabibu zilizokauka, natoa vijiti. Ukasema, "Mjomba, nijazie mfuko." Nikajaza mfuko wa sketi yako, karanga zimekolea ile chumvi ya kijivu ya Bahi, maana siku hizo nilikuwa naitia bila huruma. Ukauliza, "Na maji?" Nakumbuka vizuri kwamba uliuliza. Nikasema, "Wewe ni mpwa wa nani?" Ukasema, "Wa kwako." Nikasema, "Basi maji ya nini?"

Nilidhani unakwenda kucheza. Hilo ni kweli. Lakini sikukuuliza unakwenda wapi, na hilo nalo ni kweli.

Jua lilipokaribia kuzama, pikipiki ikaingia uani. Alikuwa Issa, yule Mrangi aliyekuwa anapitisha vitunguu vyake kuuza mjini. Wewe ulikuwa umekaa mbele yake kwenye tangi, amekufunga kwake kwa shuka ili usianguke. Midomo yako ilikuwa imepasuka, imekuwa myeupe kama imepakwa unga. Mfukoni karanga zilikuwa zimebaki karibu zote. Hukuweza kuzimeza.

"Mbukwenyi," Issa alisalimia kwa Kigogo, lakini uso wake haukuwa wa salamu. "Huyu ni wenu?"

Nikasema ni wetu.

"Nimemkuta amekaa chini ya kichaka kisicho na jani hata moja, anakiita kivuli. Nimempa maji kwa kifuniko cha chupa, kimoja kimoja, kama dawa. Namuuliza, mama, maji yako yako wapi? Ananiambia maji yanalegeza magoti. Nikasema, nani kakuambia? Kanyamaza." Akanitazama. "Wewe ni nani kwake?"

"Mjomba wake."

"Haya, mjomba," alisema. "Magoti yake hayajalegea. Karibu yakaze moja kwa moja."

Alikataa hata kukaa. Nilimpa kifuko cha mchanganyiko kwa shukrani, akakiangalia mkononi, akanirudishia. Tangu nianze kazi hii hakuna mtu mwingine aliyewahi kunirudishia.

Mama yako akarudi. Kwanza alilia, halafu akakata fimbo. Unakumbuka. Alikuuliza, "Nani alikufundisha kuingia porini bila maji? Nani?" Wewe ulikuwa umesimama kwenye kona ya jiko, nami nimekaa pale pale nilipokaa leo. Ukanitazama. Siyo sana, ni kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Kisha ukasema, "Hakuna, mama."

Fimbo ya kwanza ikapiga. Mimi nikakohoa. Ungesema nina kifua.

Na unajua nikasema nini kwa mdomo wangu? Nikasema, "Dada, huyu mtoto ni mkaidi."

Nimeandika hilo nikalazimika kuinuka kuzigeuza karanga, ingawa hazikuhitaji kugeuzwa.

Wewe hukuwahi kunikumbusha. Kesho yake ulikuja kuchambua zabibu na mimi kama kawaida, miguu ina alama, ukasema, "Mjomba, nihadithie ile ya simba." Nikahadithia! Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi siku ile nilimwongeza simba wa pili.

Utasema ndiyo tabia yangu, na utakuwa hujakosea. Unajua kwa nini niko hapa nangoja ungo upoe badala ya kuchanganya haraka nikuwekee mfuko tayari? Kuna msimu nilikuwa na haraka. Wanafunzi wa Chimwaga walikuwa wanakwenda kupanda milima siku mbili, wakaagiza vifuko vingi. Nikachanganya karanga bado za moto na zabibu, nikafunga nailoni papo hapo. Zabibu zikatoa jasho. Ndani ya nailoni kukawa kama bafuni. Walipofungua huko juu wakakuta ukungu, umeota manyoya ya kijani. Binti mmoja alinirudia Jumatatu, mpole tu, ananionyesha: "Anko, hii nayo inaliwa?"

Nikamwambia tatizo ni zabibu. Nikamwambia mwaka huu zabibu za Makutupora zimevunwa mbichi, mwenye shamba hasikii ushauri. Nilimsingizia mtu aliyekuwa ananiachia bure vichala vinavyosahaulika baada ya mavuno, vile vidogo ambavyo ndivyo vimenilisha miaka yote. Ilinichukua msimu mzima kujua kwamba kosa ni haraka yangu, na nilijua kwa sababu ya kuharibu tena, siyo kwa kuelezwa. Tangu hapo naingiza mkono katikati ya ungo, upande wa nyuma wa mkono, pale ngozi ni laini. Kama bado kuna joto hata la kubahatisha, nangoja. Basi ndiyo maana barua imekuwa ndefu. Leo zimegoma kupoa, au mimi ndiye sitaki zipoe.

Asubuhi nilimwambia mama yako. Alikuwa anafunga viatu aende Mtumba, kule anakosafisha ofisi. Nilijiandaa usiku kucha, nikakusanya maneno mazuri, halafu yakatoka haya tu:

"Dada, ile siku ya Zanka, maneno ya maji yalitoka kwangu."

Hakuinua kichwa. "Najua, kaka."

"Unajua?"

"Mtoto wa miaka kumi na moja atayatoa wapi maneno ya magoti kulegea? Hayo maneno yako tunayajua tangu uliporudi Kondoa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akahamia kiatu cha pili. "Miaka tisa, kaka. Na fimbo nilimpiga yeye."

Wewe umewahi kuniona nakosa jibu? Mama yako amewahi sasa.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mimi usiniambie kitu. Mwambie yeye, kabla ya basi. Huko anakokwenda hakuna Mrangi wa pikipiki."

Ndiyo hivyo. Kwa mdomo siwezi. Nikifungua mdomo mbele yako, yule mtu mkubwa atanitangulia, ataanza kuchekesha, na wewe utacheka kwa sababu umezoea kunisaidia. Kalamu angalau ni mwendo wa pole. Niliishia darasa la sita, mwandiko wangu unajikongoja, na leo hilo limenifaa.

Safari ya Kondoa ilikuwa hivi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikwenda vijana wanne wa hapa hapa kufanya kibarua cha vitunguu. Kazi ilipoisha tukafika stendi ya Kondoa kupanda basi la kurudi. Kulikuwa na wasichana pale wanauza miwa. Mimi, bila kuulizwa na mtu, nikasema kwa sauti, "Basi ni la wagonjwa. Mimi naondoka kwa miguu." Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Tia basi maji kwenye dumu." Nikasema maji yanalegeza magoti. Hapo ndipo maneno hayo yalipozaliwa, Mbeho. Stendi, mbele ya wauza miwa, na hata sikuyafikiria kabla hayajatoka. Basi likaondoka, wenzangu wametoa vichwa dirishani wanapunga: "Haya, simba! Tukutane Dodoma!"

Nikawa nimeshasema mbele za watu. Kuna njia nyingi za kurudisha neno, lakini kijana wa miaka kumi na tisa haoni hata moja.

Nilikuwa na kifuko changu, karanga na zabibu, chumvi tele. Nikatembea asubuhi yote vizuri, naimba. Jua lilipofika utosini nikatia konzi moja mdomoni. Chumvi ikanyonya mate yote. Karanga zikawa kama nimetafuna tofali. Nikazitema. Sikutia nyingine. Baada ya hapo sikumbuki kuimba. Nakumbuka barabara inacheza kama maji, na nilikuwa namwita mama yangu kwa sauti. Simba hakuwepo. Fisi hakuwepo. Kulikuwa na mimi na kereng'ende mmoja.

Mchana wa saa tisa hivi nikafika kwenye kisima cha pampu chenye birika la kunyweshea mifugo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anajaza madumu ya kuwapakia punda wake wawili. Sikumsalimia. Na mimi nilivyolelewa kusema shikamoo! Nilipiga magoti, nikaingiza uso mzima kwenye birika, katikati ya punda.

Nikamsikia nyuma yangu: "We kijana, ngoja zamu. Punda wamefika kabla yako."

Nikanywa tu.

"Umetoka wapi?"

"Kondoa," nikasema, maji yanatoka puani.

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Unakwenda wapi?"

"Dodoma."

"Kwa miguu?" Akaacha pampu. "Umeua mtu?"

Alinichukua kwake. Maji ya birika yakanishika tumbo, nikakaa kwa yule mama siku mbili, safari zangu zote ni za chooni. Alinipikia uji mwembamba na hakuwahi kunicheka usoni. Siku ya tatu akaniombea nafasi kwenye lori lililobeba mbuzi wa mnada. Nikasimama katikati ya mbuzi mpaka karibu na mjini. Pale nikamwomba dereva anishushe, nikajikung'uta manyoya, nikatembea kipande kilichobaki ili watu wanione naingia kwa miguu. Wenzangu walinibeba juu juu. Siku tatu! Hakuna aliyeniuliza mbona nanuka beberu.

Yule mama sikurudi kumshukuru. Ningerudije? Kumshukuru ni kukubali kwamba alikuwepo. Miaka yote katika hadithi yangu nimemtaja simba, fisi, na jua lenyewe. Yeye sijamtaja hata siku moja. Wewe leo ndiye mtu wa kwanza kusikia kwamba yupo mwanamke aliyenipa uji. Jina lake sikuuliza.

Sikuandikii hivi ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu huko watawapitisha porini kwenye doria siku nzima, wakati mwingine na zaidi, na najua itafika saa mwenzako atasema, "Mbeho, ongeza maji," na wewe utakumbuka sauti yangu badala ya kumsikia yeye. Utajisikia aibu kuwa wa kwanza kuomba maji. Aibu hiyo siyo ya ukoo. Niliitengeneza mimi stendi ya Kondoa nikakurithisha bila hata kukuuliza. Naomba unirudishie. Nirudishie kama Issa alivyonirudishia kifuko, bila maneno.

Na kama hutaweza leo, kama utasoma hapa ukafikia ile fimbo ukakunja barua, nayo ni sawa. Nitajua. Kesho stendi usiponipa mkono nitajua umesoma.

Karanga zimepoa. Nimeingiza mkono mara mbili kuhakikisha.

Kipimo ni hiki, ukiandike pengine hata kwenye simu: karanga konzi mbili za kiganja chako, siyo changu. Zabibu kavu konzi moja, zile zilizokauka kivulini, maana za juani huwa ngumu na zina uchungu. Mbegu za maboga nusu konzi, zikaange peke yake, zinarukaruka. Chumvi hapana. Nimesema hapana. Wanafunzi wa Chimwaga wakiitaka nawatia kidogo, lakini wao wanarudi kwenye bomba jioni.

Nimelifungua begi lako, unisamehe. Nimetoa nusu ya mchanganyiko wangu. Hujui ilivyoniuma, mimi ambaye huwa nasema dunia nzima ingebeba karanga kusingekuwa na vita. Mahali palipobaki nimeweka chupa mbili kubwa za maji, na pembeni nimeshona kamba ya kitambaa cha gunia ya kubebea ya tatu. Mshono ni mbaya, nilishona bila miwani. Ukikatika, shona tena, lakini chupa usiiache.

Nasikia mama yako anafungua geti. Nitakunja hapa. Ufike salama, ule vizuri, na ukikutana na mtu yeyote kwenye kisima, hata kama unakufa kwa kiu, mwamkie kwanza.

Ni mimi mjomba wako,
Yona

Nimeshaweka jina lakini daftari lina nafasi, na kuna moja dogo limebaki. Nilitaka nilihifadhi hili, maana biashara yangu yote imesimama juu yake. Si unajua huwa nawaambia wanafunzi kwamba kile kifuko cha Kondoa ndicho kilichoniokoa? Mpaka nimekichora kwenye kibao changu. Sasa, wakati nimetumbukiza uso birikani, kifuko nilikuwa nimekiweka chini. Nilipoinua kichwa, punda mmoja alikuwa amekitia mdomo. Alikula karanga zote, akala zabibu zote, akalamba mpaka kitambaa. Halafu akarudi birikani, akanisukuma kwa shingo nimpishe, akanywa maji mengi sana.